Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Tamthilia ya Muziki: Mwongozo kwa Mwimbaji Aliyelelewa na Kwaya

Mwimbaji aliyekulia katika kwaya hufika kwenye usaili wa tamthilia ya muziki akiwa na mali ambayo wengine huisomea kwa miaka: sikio linaloshika sauti yake bila kuyumba hata wenzake wakiimba nyingine, pumzi iliyozoea beti ndefu, na nidhamu ya mazoezi ya jioni baada ya kazi. Hata hivyo, nimekaa kwenye piano katika usaili mara nyingi, na nimewaona waimbaji wa namna hiyo wakiondoka bila nafasi, si kwa sababu sauti zao zilipungua, bali kwa sababu walidaiwa mambo ambayo kwaya haikuwahi kuwadai. Kwaya humfundisha mtu kuichanganya sauti yake na za wenzake isijitokeze, ilhali usaili humtaka asimame peke yake. Kwaya humpa wiki sita za kuuzoea wimbo pamoja na mpiga kinanda anayemjua, ilhali usaili humpa nusu dakika pamoja na mpiga piano ambaye hajawahi kumwona. Mwongozo huu unahusu namna ya kuuvuka mpaka huo.

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake huzungumza, huimba na hucheza dansi, na ambao wimbo ndani yake huisogeza hadithi mbele badala ya kuipamba tu. Jopo la usaili huwa na mwongozaji, kiongozi wa muziki, mwalimu wa dansi na mara nyingine mtayarishaji. Unaingia, unasalimia, unampa mpiga piano karatasi zako, unaimba, unashukuru, unatoka. Yote hayo huweza kumalizika ndani ya dakika mbili. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ni kuchagua kitu kidogo na kukisafisha mpaka mtu asiyekujua akuone wewe mzima ndani yake.

Anza na tangazo

Tangazo la usaili lisomwe neno kwa neno, kama mtu anavyosoma mkataba. Litakueleza wahusika wanaotafutwa, umri wao wa jukwaani, upeo wa sauti wa kila mmoja, aina ya wimbo unaotakiwa na urefu wake, na kama utaigiza au utacheza dansi siku hiyo hiyo. Likisema uimbe wimbo wa mtindo wa kisasa, usipeleke wimbo wa mtindo wa miaka ya 1940 kwa sababu tu unaupenda. Likisema usiimbe wimbo wa tamthilia yenyewe inayoandaliwa, litii. Lisiposema lolote kuhusu jambo hilo, ni salama zaidi kuchagua wimbo wa tamthilia nyingine inayofanana nayo kwa mtindo na kipindi, kwa kuwa jopo huwa tayari lina sura ya wimbo wao masikioni na utapimwa kwa sura hiyo.

Taratibu hutofautiana na mahali. Jijini New York, chama cha waigizaji cha Actors' Equity Association, kilichoanzishwa mwaka 1913, kina kanuni zake za usaili, na mara nyingi asiye mwanachama husubiri hadi wanachama wamalize, na huenda asisikilizwe kabisa siku hiyo. Jijini London, wasaili wengi huwapata waigizaji kupitia mawakala na kupitia orodha ya Spotlight, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1927, ingawa usaili wa wazi nao hufanyika. Jijini Nairobi, ambako tamthilia za muziki huonyeshwa katika kumbi kama Kenya National Theatre iliyofunguliwa mwaka 1952, matangazo mengi hupitia mitandao ya kijamii na husambazwa kutoka simu hadi simu. Anayeishi ughaibuni ahakikishe mapema kwamba kibali chake cha ukaazi kinamruhusu kufanya kazi ya namna hiyo, maana ni uchungu mkubwa kuchaguliwa kisha kushindwa kutia sahihi.

Hapa lazima niseme jambo moja bila kulizungusha. Watayarishaji wa kweli hawamtozi mwigizaji fedha ili asikilizwe kwa ajili ya nafasi ya jukwaani. Ada ya maombi inayotozwa na baadhi ya vyuo vya sanaa ni suala tofauti. Mtu akikuomba fedha za fomu, au akikuita usiku katika chumba cha hoteli, au akimtaka kijana aliye chini ya umri wa miaka 18 aje bila mzazi wala mlezi, usiende.

Ijue sauti yako kwa majina ya nota

Katika kwaya nyingi za Afrika Mashariki tunajifunza kwa solfa, utaratibu wa kuziita nota do, re, mi ambao mchungaji wa Kiingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 na ambao wamisionari waliuleta kwetu. Ni utaratibu mzuri sana, na sitaki mtu yeyote auonee aibu, kwa kuwa umejenga masikio ya vizazi na vizazi. Lakini una pengo moja ambalo hujitokeza siku ya usaili: do huhama. Mwalimu wa kwaya hutoa do kwa kinanda, kwa filimbi ya nota au kwa kukadiria tu, nasi tunaifuata. Leo do ni F, kesho ni G, na mwimbaji anaweza kuimba miaka kumi akijua kwamba anaifikia la ya juu bila taabu asijue kuwa la hiyo ni nota ipi kwenye piano. Do ikiwa F, la ni D. Do ikiwa A, la hiyo hiyo ni F kali, yaani F iliyopandishwa nusu sauti. Tofauti ya nusu sauti nne ndiyo tofauti kati ya kuimba kwa raha na kukwama hadharani.

Kaa na mtu mwenye kinanda, au tumia programu ya kinanda kwenye simu, uimbe ukipanda nota moja moja hadi unapoanza kujikaza, kisha ukishuka vivyo hivyo. Andika nota nne: ya chini kabisa na ya juu kabisa unazoweza kuzigusa, kisha ya chini na ya juu unazoweza kuzishikilia kwa uhakika asubuhi ya saa tatu ukiwa na wasiwasi. Hizo mbili za mwisho ndizo upeo wako wa usaili. Andika pia mahali ambapo sauti yako ya kifua, ile nzito kama ya kuzungumza, hugeuka kuwa sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu, kwa maana tamthilia nyingi za kisasa humtaka mwimbaji wa kike aipandishe sauti ya kifua, au sauti yenye mlio wa namna hiyo, hadi C iliyo oktavu moja juu ya C ya kati au zaidi, jambo ambalo alto wengi wa kwaya wana uwezo nalo ila hawajawahi kuombwa kulifanya. Wasilijaribu peke yao kwa nguvu. Likiumiza, limekosewa, na hapo anahitajika mwalimu wa sauti.

Kuchagua wimbo

Uwe na angalau nyimbo mbili zinazotofautiana: mmoja wa mwendo wa taratibu unaoonyesha jinsi unavyoshikilia sauti na hisia, na mwingine wa mwendo wa haraka unaoonyesha wepesi, ucheshi au nguvu. Mara nyingi utaimba mmoja tu, lakini kiongozi wa muziki akiuliza, "Una kingine?", mtu asiye na kingine hupoteza nafasi papo hapo.

Wimbo ufae umri wako. Msichana wa miaka 19 anayeimba majuto ya mama mzee aliyezika watoto huwapa wasaili kazi ya kumfikiria katika nafasi ambayo hawatampa. Uepuke wimbo ambao kila mtu kwenye foleni anauimba, na uepuke pia wimbo ambao umejulikana mno kwa sauti ya mwimbaji mmoja maarufu, kwa sababu utasikika kama mwigo. Nyimbo za injili na za taarabu zina utajiri mkubwa wa mapambo ya sauti, nayo ni mapambo ninayoyapenda. Lakini katika tamthilia, nota zinazopambwa kupita kiasi hufunika maneno, na maneno ndiyo hadithi. Uimbe wimbo kama ulivyoandikwa kwanza, kisha uongeze pambo pale tu ambapo mhusika ana sababu ya kuliongeza.

Urefu unaotakiwa mara nyingi hutajwa kwa vipimo, yaani yale mafungu ya mapigo yanayotenganishwa na mistari ya wima kwenye nota: vipimo 16, au 32 kama siku ina nafasi. Hesabu mwenyewe uone jinsi muda huo ulivyo mdogo. Vipimo 16 vya mapigo manne ni mapigo 64; kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ni sekunde 32 tu. Wimbo wa taratibu wenye mapigo 72 kwa dakika hukupa takriban sekunde 53. Katika muda huo haiwezekani kuanza na ubeti wa utangulizi ukingoja wimbo upande. Kata kipande ambamo jambo fulani hubadilika, ambamo mhusika anaanza akiwa na hali moja na kumaliza akiwa na nyingine. Mara nyingi kipande hicho kiko karibu na mwisho wa wimbo. Sentensi ya kwanza ieleweke bila kilichotangulia, na ya mwisho ikamilike. Ukizidisha kipimo kimoja au viwili ili sentensi iishe, hakuna atakayehesabu. Ukizidisha kumi, watakukatisha, na utakatishwa kabla ya nota uliyokuwa ukijivunia.

Karatasi za mpiga piano

Sehemu hii nitaikalia muda mrefu, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu kutoka upande wa pili wa piano, na kwa kuwa ndiyo inayowaangusha waimbaji wetu kuliko nyingine zote. Niliwahi kuwekewa mbele yangu karatasi ya solfa iliyoandikwa kwa mkono, sauti nne, bila mstari wowote wa piano. Aliyeileta alikuwa na alto ya kina, iliyoiva, ambayo sijaisahau. Niliisoma solfa hiyo kadiri nilivyoweza na kubahatisha kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, za mkono wa kushoto, lakini mwendo ulilegea, naye akawa ananisubiri mimi badala ya kuimba. Jopo halikujua kwamba kosa lilikuwa la karatasi. Lilichokiona ni mwimbaji aliyesitasita.

Mpiga piano wa usaili husoma nota za mistari mitano, na anahitaji vitu vitatu: sauti ya mwimbaji pamoja na maneno yake, sehemu ya mikono miwili ya piano, na majina ya kodi juu ya mistari ikiwezekana. Nota za kwaya za sauti nne, hata zikiwa zimechapwa vizuri, hazitoshi. Maduka ya nota ya mtandaoni huuza nyimbo nyingi za tamthilia zikiwa na sehemu ya piano, na mengine hukuwezesha kuchagua ufunguo, yaani nota itakayokuwa do ya wimbo, kabla ya kulipia. Wimbo usiouzwa popote unaweza kuandikwa kwa MuseScore, programu ya bure ya kuandika nota, ambayo pia huhamisha ufunguo wa wimbo mzima mara moja. Kama hujui kuandika, mtafute anayejua: mpiga kinanda wa kanisa aliyesomea muziki, au mwanafunzi wa Dhow Countries Music Academy kule Zanzibar, wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au wa Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, na umlipe kwa kazi yake. Usimwombe mpiga piano akuhamishie ufunguo hapo hapo. Wapo wanaoweza, lakini hata wao watatumia akili yao kuhesabu nota badala ya kukusikiliza.

Ukishapata nota sahihi katika ufunguo wako, ziandae hivi. Kipande ulichokikata kisibaki kimetawanyika katika kurasa sita zenye mishale na maneno ya kuruka kutoka hapa hadi pale. Kitoe fotokopi, ukate kwa mkasi, ukibandike kwenye karatasi safi ili macho ya mpiga piano yaende mbele tu, kisha ukitoe fotokopi upya. Angalia ukingo wa chini wa kila ukurasa: mashine ya fotokopi hupenda kumeza mstari wa mkono wa kushoto, na bila mstari huo wimbo hauna miguu. Andika wazi mwanzo na mwisho kwa kalamu nyeusi, katika lugha anayoielewa mpiga piano. Weka alama ya rangi mahali unapopunguza mwendo, unaposimama kidogo na unapovuta pumzi ndefu, kwa sababu mambo hayo hayaonekani kwenye nota zilizochapwa, nawe umeyazoea kiasi kwamba utadhani kila mtu anayajua. Chapa pande mbili za karatasi, uzitoboe na kuziweka kwenye faili gumu la pete ambalo hubaki wazi likiwekwa juu ya piano. Mifuko ya plastiki inayong'aa haifai, kwa kuwa taa za chumba hurudisha mwanga machoni mwa msomaji. Utangulizi uwe mfupi, kipimo kimoja au viwili, au nota moja tu ya kukupa pa kuanzia. Sekunde nane za piano pekee ni sekunde nane zako zilizopotea.

Baada ya hapo, fanya mazoezi na mpiga piano halisi angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, na mojawapo iwe na mtu usiyemzoea. Kuimba juu ya muziki uliorekodiwa hakutoshi, kwa maana rekodi haikosei, haikusikilizi na haina mwendo wa kujadiliana. Ajabu ni kwamba mwimbaji wa kwaya ya kijijini anayeimba bila ala yoyote mara nyingi hustahimili mtikisiko wa mpiga piano kuliko yule aliyezoea rekodi, kwa kuwa mapigo anayo mwilini.

Wimbo ni maneno ya mtu fulani

Kabla hujaimba kipande chako tena, kiseme. Yaseme maneno kama mtu anayezungumza, bila sauti ya wimbo na bila mapigo, hadi yaonekane kuwa ni yako. Jiulize ninasema na nani, ninataka nini kutoka kwake, na nini kimetokea sekunde moja kabla ya neno la kwanza. Majibu yawe mahususi. "Ninasema na mpenzi" halisaidii; "ninasema na mwanamume aliyeniahidi kurudi Jumapili na leo ni Alhamisi" husaidia, kwa sababu mwili hujua la kufanya nalo. Kisha chagua mahali pa kumweka mtu huyo: juu kidogo ya vichwa vya wasaili, au pembeni yao kidogo. Usimwimbie msaili machoni, maana utamlazimisha kuigiza nawe wakati anataka kukutazama na kuandika. Mikono yetu, iliyofundishwa kushika kitabu cha nyimbo, hupata shida ikiachwa tupu. Iache ining'inie, na isipande ila mhusika anapokuwa na sababu.

Anayeimba kwa Kiingereza ana jambo jingine la kulishughulikia. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, hivyo sauti zetu huzoea kufungua kinywa mwishoni mwa neno, na hiyo ndiyo sababu tunaimba kwa uwazi unaopendeza. Kiingereza kimejaa maneno yanayoishia na konsonanti, na mwimbaji wetu huzimeza, au huziongezea irabu ndogo nyuma yake, na msikilizaji hukosa neno. Pitia wimbo mzima ukizungushia duara konsonanti za mwisho, kisha uziseme kwa makusudi hadi ulimi uzizoee. Angalia pia silabi inayotiliwa mkazo, kwa kuwa Kiswahili huiweka ya pili kutoka mwisho karibu daima na Kiingereza hakina kanuni hiyo. Sikuombi uifiche lafudhi yako. Ninaomba maneno yasikike.

Usaili ukidai pia maneno ya kuigiza bila wimbo, chagua hotuba ya mhusika mmoja isiyozidi dakika moja na nusu, kutoka tamthilia kamili uliyoisoma yote, na kwa lugha iliyotajwa na tangazo. Nafasi ikihitaji Kiswahili, hazina yetu ya tamthilia zilizochapishwa tangu miaka ya 1960 inatosha kwa yeyote anayefika maktaba. Huenda pia ukapewa ukurasa wa tamthilia yenyewe usome bila maandalizi. Omba dakika chache za kuupitia, ushike karatasi usawa wa kifua ili uso usizibwe, na umtazame unayesema naye hata kama utakosa neno moja. Jizoeze nyumbani kwa kusoma gazeti au riwaya kwa sauti kila siku, ukiinua macho mwishoni mwa kila sentensi.

Dansi

Mwalimu wa dansi atafundisha mfululizo mfupi wa hatua kwa hesabu ya nane, atauonyesha mara chache, kisha atawaita watu wachache wachache. Hapendezwi na anayejua hatua zote kabla ya kufika. Anamtafuta anayejifunza haraka, anayeyasikiliza marekebisho na anayeendelea baada ya kukosea. Shika miguu kwanza, mikono baadaye, na usijifiche mstari wa nyuma, maana waliotangulia mbele yako wakikosea utakosea pamoja nao. Aliyezoea ngoma ana mapigo imara na miguu iliyo karibu na ardhi, magoti yakiwa yamelegezwa. Dansi nyingi za tamthilia za Marekani na Uingereza hudai kiwiliwili kilichoinuka na shingo ndefu. Darasa chache za jazi au za baleti za wanaoanza, hata kwa mwezi mmoja, huondoa mshangao huo. Vaa nguo zinazoonyesha mistari ya mwili bila kukubana, na viatu ulivyokwisha kuvichezea.

Koo na wiki ya mwisho

Watu watakushauri tangawizi, asali, limau na ndimu, na sina ugomvi na kinywaji chochote kinachokutuliza. Lakini fahamu kwamba unachokimeza hupita kwenye umio, hakizigusi nyuzi za sauti. Maji huzifikia kupitia mwili, na huchukua muda, hivyo chupa nzima unayoimwagia koo mlangoni imechelewa. Kunywa maji tangu siku zilizotangulia. Anayekohoa au aliye katika nchi ya baridi, ambako vyumba vinavyopashwa joto huwa na hewa kavu, ajifukize kwa mvuke wa maji matupu, kwa uangalifu asijiunguze. Kunong'ona si kuipumzisha sauti, bali huweza kuichosha zaidi; nyamaza kabisa ukiweza. Ibada ya mkesha yenye saa nne za kuimba haifai usiku wa kuamkia usaili, na kiongozi wa kwaya anayekupenda ataelewa.

Asubuhi, amka angalau saa tatu kabla ya zamu yako. Pasha mwili moto kwanza, kisha sauti: anza kwa kuimba midomo ikiwa imefungwa, utetemeshe midomo ukipanda na kushuka, halafu fungua irabu. Usiimbe wimbo wako kwa nguvu zote kwenye foleni. Kumbukumbu ya nota ya juu uliyoikosa ukutani itaingia nawe chumbani.

Ndani ya chumba

Beba faili lako la nota, wasifu wa ukurasa mmoja na picha ya uso wako ya hivi karibuni, isiyorembwa mpaka ukafanana na mtu mwingine. Marekani ukubwa wa kawaida ni inchi 8 kwa 10. Nguo ziwe safi, za rangi moja au mbili, zisizo vazi la mhusika.

Ingia, salimia kwa sauti inayosikika, uende kwa mpiga piano. Msalimie naye, yeye ndiye atakayekuwa mwenzako wa pekee kwa sekunde arobaini zijazo. Mwonyeshe unapoanzia, unaporuka kama yapo ya kuruka, na unapoishia. Kisha mpe mwendo kwa kumwimbia kwa sauti ya chini mstari mmoja kwa kasi ile ile utakayoitumia. Usimpigie vidole wala makofi; ni utovu wa adabu, na pia mwendo unaopigwa kwa vidole na mtu mwenye wasiwasi karibu kila mara huwa wa kasi kuliko anaoukusudia. Nenda kasimame mahali palipowekwa alama, au hatua kadhaa mbele ya meza, sema jina lako na wimbo wako, vuta pumzi moja, kisha mwinamishie kichwa mpiga piano aanze.

Mambo yakiharibika, endelea. Ukisahau maneno, imba irabu hadi yarudi. Piano ikienda upande wake, usimgeukie mpigaji kwa macho makali; shika mapigo yako, naye atakuja ulipo. Ukimaliza, kaa ndani ya mhusika hadi nota ya mwisho ya piano iishe, ndipo ushukuru. Usiombe radhi kwa mafua, kwa foleni wala kwa nota uliyoikosa, kwa kuwa huenda ni wewe peke yako uliyeisikia. Wakikuomba uimbe tena kwa namna nyingine, kwa hasira zaidi au kwa utulivu zaidi, usijitetee: wanataka kuona kama unaelekezeka, na badiliko kubwa lililokosewa kidogo huwapendeza kuliko marudio yasiyo na badiliko.

Usaili ukiwa wa video, laza simu ili picha iwe pana, ikae imara usawa wa macho, ukuta wa nyuma uwe mtupu, na mwanga utoke mbele yako. Muziki wa piano utoke kwenye kifaa kingine kilichowekwa mbali kidogo nawe ili usiifunike sauti, kisha usikilize video kwa spika za masikioni kabla ya kuituma.

Ukiitwa raundi ya pili, vaa nguo zile zile au zinazofanana nazo na uandae wimbo ule ule, hata kama una mwingine unaoupenda zaidi, kwa maana kitu fulani katika ule wa kwanza ndicho kilichowafanya wakuite. Usipoitwa, siku hiyo hiyo andika kwenye daftari tarehe, tamthilia, kipande ulichoimba, majina ya waliokuwa mezani, waliyokuambia, na mahali ambapo mpiga piano alisitasita. Mahali hapo parekebishwe kwenye karatasi kabla hujalifunga faili.